Dirisha la Tatu

Mkono wako wa kushoto, Kunda, ni inchi kumi na tatu
hapo juu ya kiwiko, penye nyama.
Naujua bila tepu.
Mwaka ule wa barakoa niliupima tena,
ukawa kumi na mbili na robo,
nawe ukasema ni Kwaresima.

Huku Mbuyuni tulishona barakoa za vitenge,
moja mia tano, mbili mia nane.
Jioni tulijifunika blanketi moja
juu ya sufuria ya mchaichai na mwarobaini,
tukajifukiza mpaka macho yakalia yenyewe.
Wanaume wawili, blanketi moja:
kwa mara ya kwanza Pasua nzima ikatutazama
na kusema, hawa angalau wanajali afya.

Kisha Anaeli akaenda.
"Changamoto ya upumuaji," alisoma mchungaji,
na ndugu zake wa Machame wakatupa viti vya nyuma,
nyuma kabisa, karibu na masufuria,
sisi tuliomjua kuliko wote.
Suti aliyozikwa nayo niliishona mimi.
Kifuani niliongeza inchi moja.
Apumue.

Chanjo ikaja. Sindano moja, basi.
Watu wakasema inaua uzazi.
Ulicheka mpaka ukakohoa: "Uzazi! Mimi!"
Hiyo haikuwa hofu yako.

Yako ulinisimulia mara moja tu, umeme umekatika:
lile jipu, ile zahanati,
tabibu aliyesema subiri kidogo
akarudi na wenzake wanne,
na mmoja wao hakuwa hata na koti jeupe,
alikuwa mlinzi wa geti.
"Waeleze na hawa ulivyolipata."
Ulivaa suruali ukaondoka na jipu lako,
ukalipasua mwenyewe kwa wembe, mlango umefunga.
Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka;
lakini nyoka wako alivaa kitambulisho kifuani.

Kwa hiyo redio iliposema chanjo ni salama
uliijibu, kama mtu aliyeitwa jina:
"Chanjo sina ugomvi nayo.
Sindano kashika nani?"

Mimi nina cherehani. Jibu sikuwa nalo.

Lilikuja kwa simu, kutoka kwa Shedraki wa saluni,
aliyelipata kwa kijana wa Bomambuzi,
naye kwa mtu nisiyemjua na sitamuuliza:
*Alhamisi. Dirisha la tatu. Mama wa kilemba cha kijani.
Haulizi nje ya karatasi. Futa.*

Nikatangulia. Jina, mwaka, namba ya simu.
"Legeza bega, baba, unalibeba kama gunia."
Sikujua kwamba nalibeba.
Usiku homa ikanishika,
ukanipikia mtori, ukakaa ukinihesabia pumzi,
na asubuhi nilipoamka mzima
ulinitazama kama mtu aliyeliwa kamari.

Sikukusukuma.
Alhamisi ya kwanza ikapita, na ya pili.
Ya tatu ulifunga kibanda cha simu saa nne asubuhi,
hukuaga, nikajua.
Tulitembea tunavyotembea mjini siku zote:
wewe mbele, mimi hatua kumi nyuma,
wateja wawili wasiofahamiana.

Karatasi ilikuwa fupi.
*Mtu wa kupigiwa kwa dharura.*
Ukaandika namba yangu, kwa kichwa, haraka.
*Uhusiano.*
Hapo kalamu ikasimama.
Miaka tisa, kwenye kila karatasi, tumekuwa binamu.
Mama wa kilemba alikuwa akifungua pamba,
polepole, kama asiye na foleni.

Ukaandika: fundi wangu.

Alisoma. "Ni fundi mzuri?"

Ukakunja mkono wa shati la kahawia,
lile nililolipanua kwapani bila kukwambia,
ukalegeza bega,
ukasema, "Vipimo vyangu anavyo."